Grupu la Kupanga Magrupu

Grupu letu la WhatsApp la mtaa limepangwa upya. Zamani lilikuwa moja: taka, misiba, mgao wa umeme na mbuzi aliyepotea, vyote chungu kimoja. Sasa viongozi wameligawa: Ulinzi, Maji, Misiba, Harusi, Biashara, Matangazo na Mengineyo. Magrupu saba, watu walewale.

Juzi bomba lilipasuka mbele ya nyumba yenye msiba. Mtoa taarifa akaambiwa aende Maji. Maji wakasema penye turubai pana wenyewe, apeleke Misiba. Misiba wakamjibu kwa emoji ya mikono miwili. Kufikia alasiri waombolezaji walikuwa wamekunja suruali hadi magotini.

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu hukaa barazani na kahawa chungu. Siasa, mpira na bei ya samaki hupita kwenye kikombe kilekile, wala hakuna anayetolewa kwa "kutoka nje ya mada".

Sisi, waungwana, tumeshaunda grupu la nane: la malalamiko kuhusu magrupu. Wanaoruhusiwa kuandika humo ni maadmini tu.