Msahihishaji Ndani ya Kosta

Ukitaka kugombana na kosta nzima, sahihisha Kiingereza cha abiria. Mpwa wangu, msomi wa chuo, aliifanya kazi hiyo kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, nami niko ubavuni mwake natafuta pa kujificha.

Alianza na mama aliyepakata mfuko wa salfa ya mikorosho. "Mama, si salfa, ni sulphur."

Mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, ubwiriunga haujasoma. Nikipuliza salfa, unakufa. Hiyo yako nani kaijaribu?"

Gari likacheka. Mzungu aliyeketi mbele akageuka, akamwuliza yule mama kwa Kiswahili chake chote: "Safari?"

"Ndiyo baba, safari," akajibu, maana alikuwa anakwenda shamba kwa dada yake. Mzungu akatoa kamera ndefu kama mchi, akaielekeza dirishani. Neno hilo sisi tulilipata kwa Waarabu, Waingereza wakalipata kwetu, wakalijaza simba na tembo. Hadi tunaingia Ruangwa alikuwa amepiga picha mbuzi tu. Mpwa wangu hakumsahihisha.

Mzee mmoja akaliona hilo. "Mjukuu wangu, karanga Waingereza wanaziitaje?"

"Groundnut, babu."

"Na nut si tunda la mti, lenye ganda gumu? Karanga ni ndugu wa maharage! Jina lake hawalijui, wakaja kuzilima kwetu."

Hakusema uongo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta Nachingwea na kuijengea reli kutoka pwani, kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo ikaja kung'olewa. Hadi leo wapo Waingereza ambao wakitaka kusema fedha zimetupwa, huutaja mradi ule. Nachingwea nayo imekichangia Kiingereza.

Stendi ya Ruangwa kijana wa pikipiki akatuita: "Boda, kaka?"

"Sema border," mpwa akamfundisha.

"Boda ya Msumbiji? Kaka, huko mafuta hayanifikishi!" Akawasha, akaondoka. Jina la kazi yake kweli lilizaliwa mpakani, Busia, baiskeli zilipovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Ila nani aende Busia kuulizia nauli ya Ruangwa?

Msomi, Kiingereza sanifu kitunze kwa ajili ya mtihani na barua ya kazi. Stendi, aliyeeleweka ndiye aliyesema sawa. Aliyesahihisha alikwenda kwa miguu.