Jinsi ya Kufukuza Ngano Sufuriani Bila Kumfukuza Shangazi

Ikithibitishwa kwamba gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, inamuumiza mtoto utumbo, usimtenge na kisufuria chake pembeni. Nyumba nzima ile chakula kimoja. Hapa kwetu Kanamkemer, Lodwar, inawezekana, ila jiandae kwa kesi.

1. Pima kwanza. Kipimo cha damu hutaka mgonjwa awe bado anakula ngano. Ukimwachisha mapema, majibu yanaweza kupotosha.

2. Waachie huru wasio na hatia. Mbuzi, maharagwe, nyanya, kitunguu na pilipili havina gluteni. Mtama wa kandokando ya mto Turkwel, mahindi, wimbi na mchele pia havina. Mjomba akisema ugonjwa huu wa gluteni ni wa Wazungu, mwambie watafiti waliukuta kwa wingi kwa watoto wa Kisaharawi, wakimbizi wa jangwani Algeria.

3. Mpokonye shangazi unga wa ngano wa kufanya mchuzi uwe mzito. Kwa adabu. Badala yake, loweka maharagwe usiku, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali dakika 10, kisha yaive taratibu. Ponda upawa mmoja wa yaliyoiva, rudisha sufuriani, koroga. Mchuzi utaganda kwenye mwiko. Shangazi ataonja, atanyamaza, ataomba tena. Umeshinda.

4. Twanga mwenyewe. Dania, bizari na pilipili kavu, nunua nzima. Kikolezo cha paketi kisomwe hadi herufi ya mwisho. Kikitaja ngano, kirudi rafuni.

5. Mhoji mwenye kisiagi. Je, husaga pia unga wa uji uliochanganywa na ngano? Akijibu ndiyo, mtama wako upeleke kwingine. Vumbi linalobaki mashineni linaweza kumrudisha mtoto kitandani.

6. Kagua jikoni. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasiguse sufuria hii. Nunua mwiko mpya wa mbao. Wa zamani huficha unga nyufani.

7. Ukialikwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, uliza. Anjera ya Kisomali kwa kawaida ina ngano. Injera ya Kihabeshi ya tefu tupu ni salama, lakini mara nyingine tefu huchanganywa na nafaka yenye gluteni. Mwenyeji mwema hakasiriki kuulizwa.

8. Pakua sinia moja, na ugali wa mtama. Asiyeweza kuishi bila chapati akaile hotelini, anawe mikono kwa sabuni, ndipo asogee kula na mtoto.