Sifa za Mifumo Isiyoamkiana

Walikuwapo zamani, katika nchi za Wayunani na Warumi, mafasihi waliokaa kitako wakasifu nzi, wakasifu upara, wakasifu hata homa inayorejea kila siku ya nne, na watu wakawasikiliza kwa taadhima kama wanaosikiliza sifa za mfalme. Lakini mpaka leo sijamsikia msemaji aliyesimama mbele ya hadhira, akakohoa kidogo kama ilivyo ada, akaisifu mifumo ya hesabu za kiwandani ambayo imekaa chini ya paa moja miaka ishirini bila ya mmoja kuutolea mwingine sabalkheri. Deni hilo nimekusudia kulilipa mimi, kwa sababu mifumo hiyo ndiyo iliyonilisha, nikaoa kwa mshahara wake, nikasomesha watoto. Na mtu alaye sahanini kisha asiitaje sahani kwa wema ni paka.

Kiwanda nilichofanyia kazi ujanani kilikuwa cha saruji, katika mwambao, na jina lake nitalisitiri. Mawe ya chokaa yaliingia upande mmoja, yakasagwa, yakachomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi takriban 1,450 mpaka yakageuka klinka, klinka ikasagwa pamoja na jasi, na upande wa pili ikatoka saruji katika mifuko ya kilo 50. Jiwe lilisafiri njia hiyo yote bila ya kuulizwa pasi. Habari za jiwe ndizo zilizovuka mipaka kila hatua kumi. Tanuri lilikuwa na kompyuta yake, iliyojua moto na mzunguko na haikujua kitu kingine duniani. Maabara ilikuwa na yake. Mizani ya malori getini ilikuwa na yake, kuukuu, yenye kioo cha maandishi ya kijani. Karakana ilikuwa na kumbukumbu zake za matengenezo, ghala la vipuri lilikuwa na orodha yake, na uhasibu, ambao ndio sultani wa kila kiwanda, ulikuwa na mfumo mkubwa ulionunuliwa Ulaya kwa mamilioni, usiokubali habari ya yeyote ila iwe imeandikwa upya, tarakimu kwa tarakimu, kwa vidole vya karani wake mwenyewe.

Asidhani msomaji kwamba palikuwa na uhasama. Hasha. Kila mfumo ulizaliwa kwa wakati wake, kwa fedha za idara yake, kwa mkono wa muuzaji wake, na hapakutokea mtu wa kuitambulisha. Wala nasaba yake si ya kubezwa. Vidhibiti vinavyoendesha mitambo vilibuniwa Marekani mwaka 1968 kwa haja ya viwanda vya magari, ili kuondoa makabati makubwa yaliyojaa nyaya na swichi. Na mwaka 1979 kampuni ya Modicon ikavitungia lugha ya kusemezana, Modbus, inayotumika viwandani hata hivi leo, lugha ambayo ufasaha wake ni wa ajabu, kwa kuwa haitaji jina la kitu wala kipimo chake. Ukiiuliza habari za rejista 40017 itakujibu 853, basi. Je, ni nyuzi 853 za joto? Ni tani 85.3, ambazo nukta yake imeachwa njiani? Ni dakika? Jawabu lilikuwamo katika karatasi ya fundi aliyeufunga mtambo, na fundi huyo alikwisha rejea kwao, na karatasi ilikwisha fungiwa maandazi. Nawajua watawa waliofunga ulimi miaka mingi wala hawakufikia daraja hiyo ya unyamavu.

Fadhila ninayoipenda kupita zote ni ukarimu wa mifumo hii katika jambo la ukweli. Kwa watu mafukara ukweli ni mmoja, na anayeukosa amekosa. Kwetu sisi ukweli ulikuwa mara tatu kila mwezi, na akiba. Mkurugenzi alipotaka kujua ni tani ngapi zilizotoka, watu wa uzalishaji walileta hesabu yao, mizani ikaleta yake, uhasibu ukaleta ya tatu, na hesabu zote zilikuwa sahihi, kwa sababu kila moja ilihesabu siku iliyoijua yenyewe. Siku ya tanuri ilianza saa kumi na mbili asubuhi, zamu zinapopokezana. Siku ya mizani ilianza saa sita ya usiku, kama walivyopenda walioiunda. Siku ya uhasibu ilianza mhasibu alipofika na kwisha alipochoka. Fauka ya hayo, kompyuta ya tanuri haikuwekwa saa tangu ilipotolewa sandukuni, ikaendelea kufuata majira ya Greenwich, saa tatu nyuma ya jua letu. Na sisi wenyewe tuliokuwa tukijaza makaratasi tulikuwa watu wa pwani, ambao siku yetu huanza jua linapokuchwa, na tunaposema usiku wa Ijumaa tuna maana ya usiku ule ambao wageni huuita wa Alhamisi. Basi lori moja, likipakiwa mara moja tu na dereva wake akiwa na utingo wake na mwiko wake wa ugali, liliweza kuondoka siku mbili mbalimbali, na likipata bahati, tatu, pasipo kurudi hata mara moja. Meneja mwerevu alijua kuitumia neema hii: akitaka kusifiwa alichukua hesabu kubwa, akiomba fedha za matengenezo alichukua ndogo, na wakaguzi walipokuja aliwapa zote tatu na chai ya maziwa. Mfumo mmoja ungemnyima hiari hiyo, na mtu aliyenyimwa hiari ni mtumwa.

Mifumo hii ina pia fadhila ya kuleta furaha. Vipuri huishi kama watoto wa pwani, wenye jina la chuoni, jina la nyumbani na jina la mtaani. Feni kubwa ya kupozea klinka ilipovunja beringi yake, karakana iliijua beringi hiyo kwa namba, 22220, yenye tundu la milimita 100. Ghala liliiandika “beringi ya feni, kubwa”. Na uhasibu, usiokuwa na wasaa wa kubagua, uliiita “vifaa mbalimbali”. Fundi akaandika 22220 katika orodha ya ghala, na kompyuta, ambayo haikupata kusema uongo maishani mwake, ikajibu kwamba kitu hicho hakipo. Tanuri likazimwa, likapoa. Simu zikapigwa Ulaya, beringi ikapanda ndege kama balozi, ikashuka, ikalipiwa ushuru, ikafungwa mahali pake, na tanuri likawashwa tena. Wiki moja baadaye mtunza ghala, akitafuta mahali pa kuweka kopo la rangi, akaziona tatu, katika rafu, zingali zimefungwa karatasi yake ya mafuta, safi, namba yake imegongwa katika chuma. Nilikuwapo. Niliona uso wake. Sidhani kwamba katika viwanda vilivyounganishwa, ambamo kila msumari unajua jina lake, hutokea mtu kung’ara kwa ugunduzi namna ile.

Mahasidi watasema kwamba mambo haya hutokea kwetu kwa sababu ya umaskini. Nami nitawajibu kwa ndege. Airbus walipoijenga A380, ndege kubwa ya abiria kupita zote, kila moja ilihitaji nyaya za urefu wa kilomita takriban 530, yaani kuzidi safari ya Mombasa hadi Nairobi. Na waliochora nyaya za sehemu zilizotoka Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la nne la programu ya CATIA, ilhali wenzao wa Toulouse, Ufaransa, walikuwa wamehamia toleo la tano. Angalieni jamala ya jambo hili: programu ni moja kwa jina, kama ndugu wa baba mmoja, lakini hawakusomana. Vipande vikapakiwa melini, vikapanda mto Garonne kwa mashua, vikapitishwa barabarani usiku polepole huku wanavijiji wakitoka kutazama kama watazamao maulidi, vikafika Toulouse, na nyaya hazikufikiana. Nyingine zilipungua kwa sentimita chache tu. Mafundi wa Kijerumani kwa mamia wakapelekwa Ufaransa kuzifunga kwa mikono yao, wakakaa miezi wakila mkate wa wenyeji wao, na sijui ni mkutano gani wa Umoja wa Ulaya uliopata kuwaleta pamoja Wajerumani na Wafaransa kwa karibu hivyo, ndani ya tumbo moja la ndege. Hisa za EADS, kampuni iliyoimiliki Airbus, zilishuka zaidi ya robo ya thamani yake katika siku moja ya Juni 2006, wakubwa kadhaa wakaacha viti vyao, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu miaka miwili baada ya ahadi. Kwa hiyo tusijidharau. Na sikutaja chombo cha Wamarekani kilichopotea penye sayari ya Mirihi mwaka 1999 kwa kuwa upande mmoja ulihesabu msukumo kwa ratili na upande wa pili kwa nyutoni; nimekiacha kwa sababu wanaostahili sifa ni wengi na karatasi ni fupi.

Wako tena wanaoisifu mifumo hii kwa ulinzi, wakisema kwamba mtambo usioungwa na kitu hauibiwi wala hauambukizwi. Hoja hii ni nzuri na mimi mwenyewe niliitumia kila nilipoombwa kuleta waya. Ni kweli kwamba kirusi cha Stuxnet, kilichofichuka mwaka 2010, kiliingia katika mitambo ya Natanz, Irani, iliyotengwa na intaneti, na inasadikiwa kwamba kiliingia ndani ya flashi iliyochukuliwa mfukoni. Lakini flashi ni kitu kidogo mno kuharibia hoja nzuri.

Mwaka mmoja tuliletewa washenga wa kuiunganisha mifumo hiyo. Walikuja na suti na kompyuta nyepesi, wakakaa katika chumba chenye kiyoyozi, wakahesabu mifumo yetu wakaikuta kumi na miwili, na mmoja wao akatuchorea ubaoni kwamba tukitaka kila mfumo ujuane na kila mwenziwe, nyuzi zinazohitajika ni 66. Nilipiga hesabu nikaona kweli, kumi na mbili mara kumi na moja, nusu yake. Posa 66! Na kila posa ina mahari yake, wazee wake wa kuridhishwa, na shangazi mmoja katika uhasibu anayesema kwamba binti yake hatoki. Wakashauri badala yake mfumo mmoja wa katikati, ambao wote wangeupelekea habari nao ungezipatanisha, na maarifa haya ni ya kweli, yanafanya kazi mahali pengi ambapo watu wamekubaliana kwanza juu ya jina la beringi na mwanzo wa siku. Sisi hatukukubaliana. Kila idara ilituma katika mikutano mtu asiyekuwa na ruhusa ya kukubali. Baada ya mwaka na nusu, na vitumbua visivyo na idadi, washenga wakaenda zao, nasi tukabaki na mfumo wa kumi na tatu, wenye rangi nzuri, uliosubiri habari kwa adabu zote wala hazikufika.

Habari zilizofika popote zilipita kwa mtu mmoja. Ofisini karibu na mizani, chini ya dirisha lenye kopo la mrehani, alikaa karani wa takwimu, mwanamke wa makamo tuliyemwita Bi Mkubwa, na katika saraka yake, juu ya khanga iliyokunjwa, palikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Daftari hilo ndilo lililojua kwamba 40017 hugawanywa kwa kumi. Kwamba saa za tanuri huongezwa tatu. Kwamba klinka ya masika ina maji, na hupunguzwa. Kwamba lori la usiku wa Ijumaa lihesabiwe Alhamisi mizanini na Ijumaa kwa dereva, ambaye posho yake ni yake. Lilijua hata kwamba “beringi ya feni, kubwa” ndiyo 22220. Hakuna aliyeliuliza. Katika mchoro wa idara uliotundikwa ukutani kwa meneja, Bi Mkubwa hakuwamo. Palikuwa na mshale tu, mwembamba, kati ya kisanduku na kisanduku.

Kisha akapata nafasi ya kwenda Hija. Akaomba likizo, akapewa bila ya kuulizwa neno, akachukua ihramu yake na daftari lake, kwa sababu mwezi ulikuwa haujafungwa. Siku ya tano mkurugenzi akataka hesabu. Tulizileta zote tatu, na safari hii akataka moja. Meneja akapekua saraka akakuta khanga; akaufungua mfumo wa kumi na tatu akakuta sifuri zilizopangwa vizuri; akauliza jina kamili la Bi Mkubwa, akaambiwa, na jioni akapata namba ya simu ya mwanawe, na kwa mwanawe namba ya Madina.

Nilikuwa nimesimama karibu yake na kalamu. Simu iliita sana. Ilipopokewa, meneja akasema mbio, kwa sauti ya mtu anayelipa kwa dakika, kwamba anataka tani za mwezi uliopita na ile namba ya kugawanyia.

Pakawa kimya kidogo, na nyuma ya kimya tukasikia watu wengi wakipita.

“Bwana Meneja,” akasema Bi Mkubwa, “kwanza asalaam alaykum.”

Meneja akanitazama. Akaketi. Akaitikia salamu, akaamkia shikamoo, akapewa marahaba, akauliza hali, akauliza safari, akauliza joto la huko na miguu ya mahujaji, akaambiwa yote kwa utaratibu, naye akaulizwa kama mrehani unamwagiwa maji, akaniashiria mimi niende nikautazame. Na nilipokuwa mlangoni nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili wa simu.