Abiria Chunga Mzigo Wako

Mjomba wangu alifika bandarini Dar es Salaam saa sita na nusu mchana, kanzu imepigwa pasi, tiketi ya boti ya Unguja mkononi. Tiketi ilisema 07:00. "Saa saba," akanieleza kwenye simu, kwa utulivu wa mtu aliyewahi. "Nimefika nusu saa kabla." Boti yake ilikuwa imeshatia nanga Malindi ya Unguja zamani, na aliokuwa asafiri nao walikuwa makwao wanasubiri wali uive. Saba ya mjomba ni ile tuliyorithi, ya kuhesabu tangu jua linapochomoza. Saba ya tiketi ni ya Kizungu. Baina ya hizo mbili mna saa sita, nauli iliyopotea, na mzee mmoja aliyeapa kwamba akitaka tena kwenda Unguja atatafuta jahazi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Laiti ningekumbuka yangu, ningecheka kwa kiasi.

Mimi kazi yangu iko Dar, mama na watoto wako Unguja. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa navuka, Jumapili narudi, na huu mwaka wa tisa. Piga hesabu: ni zaidi ya mara mia nne, kila mara karibu saa mbili za maji. Ndiyo maana ndugu na majirani wakitaka kuvuka hunijia kuomba ushauri kana kwamba mimi nahodha. Nami hutoa, tena kwa sauti nzito. Nisichowaambia ni kwamba hakuna kanuni hata moja niliyoipata kwa akili. Zote nimezinunua kwa aibu.

Wenzetu wa meli kubwa za starehe huko Marekani mambo yao yamenyooka. Kampuni ya Royal Caribbean ina klabu ya wasafiri wa mara kwa mara, na humo mna vyeo: unaanza na dhahabu, unapanda platinamu, zumaridi, almasi, hadi kileleni kwenye pointi 700, ambapo kulala usiku mmoja katika chumba cha kawaida ni pointi moja. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokirimiwa vinywaji na kupewa njia wakati wengine wako foleni. Mimi, pamoja na mara zangu mia nne na ushei, nina cheo kimoja tu, na nimepewa na hamali wa bandarini. Nitakifikia.

Nianze na kiti. Mwaka nilipoongezewa mshahara niliona si adabu kuendelea kukaa chini na watu wenye ndoo. Nikakata tiketi ya daraja la juu: kiti cha ngozi, kioo kipana, kiyoyozi cha kugandisha mafuta ya nazi. Ilikuwa Jumapili ya Julai, nikirudi Dar. Sasa, anayejua bahari yetu anajua kwamba Julai ni mwezi wa kusi, na kusi ina upendeleo: anayekwenda Unguja humsukuma kwa nyuma kama ndugu, anayerudi Dar hukutana nayo uso kwa uso. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, upendeleo hugeuka. Hayo niliyajua. Lakini kiti cha ngozi humsahaulisha mtu mengi.

Tulipokipita kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wake wa taa wa mwaka 1904, kinga ikaisha. Boti ikainua pua, ikafikiri kidogo, ikaiangusha. Kijana wa boti akaanza kupita na mifuko. Akaninyooshea mmoja. "Mimi mzoefu," nikamwambia. "Mpe huyo mama." Mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, ametulia kama yuko barazani kwake, akaupokea. Hazikupita dakika kumi, bila kunigeukia, akanisogezea mfuko ule. "Chukua, mwanangu. Mimi sina kazi nao. Mimi Mpemba."

Niliutumia. Nilitumia na wa pili.

Baadaye ndipo nilipoambiwa nilichopaswa kukijua tangu utotoni kwa kutazama mnazi. Upepo ukivuma, shina limetulia, kilele ndicho kinachocheza. Boti ni vivyo hivyo: juu na mbele ndiko kwenye bembea. Nilikuwa nimelipa zaidi ili niyumbe zaidi. Tangu siku hiyo nakaa chini, katikati, kwa kuelekea nyuma kidogo, pamoja na watu wenye ndoo. Sasa najua kazi ya zile ndoo.

Kuhusu tumbo lenyewe, ugomvi hauanzii tumboni. Sikio la ndani linauambia ubongo, "Tunayumba." Macho, yaliyokodolewa kwenye simu, yanasema, "Uongo, tumetulia." Ubongo hushindwa kuamua nani mkweli, na hukumu yake ni kuwafukuza chai na chapati, ambao hawakuwamo kwenye kesi. Dawa ni kuwapatanisha mashahidi: weka simu mfukoni, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, macho nayo yaone mnavyoyumba. Usipande na tumbo tupu, wala usipande umetoka kula bakuli la urojo lenye bajia, mishikaki na yai, kama nilivyofanya mimi mara tatu nikidhani kosa ni la bajia. Mkate mkavu na tangawizi vinatosha.

Vidonge vipo, lakini vinywe nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Kumeza dawa mawimbi yameshaanza ni kuezeka nyumba mvua ikinyesha. Na ujue vingine vinalaza. Safari ya kwanza niliyomeza nililala usingizi wa mtoto, nikaamshwa na mtu wa ufagio, boti nzima tuko wawili. "Mzee," akaniuliza kwa heshima zote, "hapa ni Dar. Unashuka, au unarudi Unguja?"

Faida rasmi niliyonayo ni moja: mkaazi hulipa nauli pungufu kuliko mgeni. Lakini faida hiyo hukaa kwenye kitambulisho, na kitambulisho changu siku moja kilikuwa kimekaa Unguja, kwenye suruali nyingine. Nikaona nijieleze kwa lugha. Nikamwaga Kiunguja chote nilichonyonya kwa mama, na methali mbili juu. Karani alinisikiliza mpaka mwisho. "Kiswahili chako kizuri, mzee," akasema. "Siku hizi hata watalii wanacho. Kitambulisho?"

Hapa utani nauweka chini kidogo. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Mwaka haukutimia, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka Dar ikazama karibu na Chumbe ileile ninayoitaja kwa mzaha. Unguja na Pemba, ni vigumu kumpata mtu asiye na jina la marehemu la kutaja. Kwa hiyo nikishakaa, kabla sijatoa hata karanga, natazama majaketi ya kuokolea maisha yako wapi na mlango uko upande gani. Na chombo nikikiona kimejaa kupita kiasi, sipandi. Nauli ya mjomba ilipotea, mjomba hakupotea.

Sasa tuje kwenye mizigo. Bandarini, maneno yanayoonekana kuliko yote ni yale ya tangazo: ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO. Nilikuwa nikidhani linawahusu wezi. Kumbe linaweza kukuhusu wewe mwenyewe, hasa ukiwa na begi la shangazi kaja. Begi lile, la miraba ya buluu na nyekundu, linauzwa sawa kila duka, na katika kila boti huwa mna ishirini yanayofanana kama mayai. Siku moja nilishuka Malindi nikabeba langu, nikafika nyumbani, watoto wakazunguka kusubiri zawadi. Nikafungua zipu. Ndani mlikuwa na sare za chekechea, suruali fupi thelathini na mbili, zote za rangi ya machungwa. Mke wangu akazihesabu kimya kimya, kisha akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia.

Wakati huohuo, huko Mwanakwerekwe, fundi cherehani mmoja alikuwa anafungua begi mbele ya mwalimu mkuu wa skuli, akamtolea bukta zangu nne na kopo la maziwa ya unga. Tulikutana jioni kubadilishana, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Tangu hapo langu nimelifunga kitambaa cha kijani kwenye mshikio. Nimekuta wenzangu sita wamefunga kitambaa cha kijani. Sasa nimeandika jina, kwa herufi kubwa, pande zote mbili.

Lakini hakuna kitambaa ambacho kingenisaidia siku ya doriani.

Mama ndiye aliyesema nimpelekee bosi wangu. Lilikuwa limeiva vizuri, kubwa kama kichwa cha ndama, na harufu yake ilikuwa imeshafika kwa jirani. Nikamwambia, "Mama, hili kwenye boti?" Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyelala Dar siku nyingi mno. "Hilo tunda, mwanangu, si maiti. Lifunge vizuri." Tukalifunga: magazeti, kanga kuukuu, kisha gunia, kisha kamba. Lilipita mizani, likapita ukaguzi. Nikaliweka chini ya kiti, nikajipongeza.

Sikukumbuka kwamba madirisha ya boti hayafunguki, na kwamba kiyoyozi kazi yake ni kuchukua hewa ya mtu mmoja na kuwagawia wote.

Robo saa ya kwanza, dada wa kiti cha mbele alimpekua mwanawe pampasi. Safi. Akampekua tena, kwa kutoamini. Mwanamume wa upande wa pili akainua viatu vyake kimoja kimoja, akanusa kwa siri. Kijana wa boti akaenda kukagua choo, akarudi akitikisa kichwa. Ndipo mtu mmoja akalitamka lile neno ambalo halitamkwi katikati ya bahari: "Jamani, hii si gesi?" Watu wakaanza kusimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nao, nikakunja uso, nikauliza kwa sauti, "Lakini hawa watu wa boti wanafanya kazi gani?"

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyekuwa amelala nyuma yangu, akafumbua jicho moja. Akavuta pumzi ndefu, kwa raha, kama anayenusa uvumba. "Doriani," akatangaza. "Na limeiva. Mwenyewe ajitokeze, nanunua."

Hakuna aliyejitokeza. Kijana wa boti akaanza kuinama kiti baada ya kiti, akifuata pua, mpaka akafika magotini kwangu. Akalitazama gunia, akanitazama mimi, akasema polepole, kama anayesoma ukutani: "Abiria, chunga mzigo wako."

Tukalitoa nje kwenye upepo, likafungwa kwenye chuma, mimi nikaambiwa nisimame nalo. Hadi Dar tulikuwa wawili, mimi na doriani, na boti nzima walipita kwa zamu kututazama kupitia kioo. Bosi wangu, mtu wa bara, alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniuliza kwa upole limekufa lini.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, nami nisingependa mtu asafirie yangu. Nikitoa ushauri wangu wote kwa mkupuo, bado utatapika siku bahari ikitaka. Mara mia nne hazikunipa tumbo la chuma. Zimenifundisha kuupokea mfuko mapema na kusema asante. Ila faida nimezipata, tena zinazozidi juisi ya bure. Yule fundi wa sare za machungwa ndiye anayenishonea kanzu ya kila Idi, na hanitozi bei ya mtu wa Dar. Mzee wa kofia ya viua tukikutana huniwekea kiti, chini, katikati, kwa kuelekea nyuma, na msimu wa doriani ukifika hunipigia simu kuuliza mama ameokota mangapi. Mjomba naye, baada ya kukosa jahazi, sasa hunipigia usiku wa kabla ya safari, ananisomea tiketi tarakimu kwa tarakimu.

Na hamali wa Dar, aliyenipokea siku ile nikishuka wa mwisho, peke yangu na gunia, watu wamenipa nafasi ya hatua kumi? Huyo hanipangii bei wala hatuvutani. Jumapili iliyopita nilishuka na begi dogo tu, nimekunja uso kama mkurugenzi, nikidhani sitajulikana katika umati. Sauti ikapaa kutoka ng'ambo ya geti: "Mzee wa Doriani!"

Watu watatu wakageuka na kunusa. Mimi nikaitika.