Mti Wangu, Kivuli cha Wenyewe

Jamani, nyie wenye mikungu majumbani, hebu niambieni ukweli. Kuna hata mmoja wenu anayekaa chini yake?

Mimi wangu uko konani kabisa, upande wa mashariki, umeegemea uzio. Mizizi yangu. Shina langu. Majani yakidondoka, yangu. Tena ya majani msinikumbushe. Jani la mkungu siyo jani, ni sahani. Linageuka jekundu pale juu, wapita njia wanasema "mti mzuri huo," halafu linaporomoka uwanjani kwangu. Nafagia asubuhi. Nikirudisha fagio stoo, lingine hilo. Mti wenyewe hauoni haya, unapukutika wote, ukae kichwa wazi siku chache, uote upya, uanze tena kunitafutia kazi.

Sasa kivuli. Asubuhi kinakuwa ndani, kimejaa tele uwanja mzima, baridi kabisa, ila asubuhi mimi niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni. Narudi alasiri, jua limeshageukia magharibi, na kivuli kimeruka uzio kiko barabarani. Nimepanda mti, kivuli kimehamia kwa watu.

Na watu wamekipokea vizuri sana. Bodaboda wameweka kijiwe. Fundi viatu kaweka benchi. Mama wa mihogo kaweka karai. Wazee wa drafti wapo hapo tangu sijui lini, wanabishana mpaka magharibi. Jumamosi moja nikasema leo natoka, nakaa kwenye kivuli changu kama mtu mwenye mali. Kufika tu, kijana mmoja kawasha pikipiki. "Mzee, twende?" Nikamwambia siendi popote. Nikasogelea benchi. "Hapo pana mtu, mzee wangu, kaenda kununua vocha." Nikasimama. Mzee mmoja wa drafti kainua kichwa kwa huruma kabisa, kaniuliza, "Kwani unamtafuta nani, baba?"

Nimenunua muhogo nikarudi ndani.

Usiku ni zamu ya popo. Popo anapenda kungu kuliko mtoto wa shule. Anakuja gizani, anachuma, anatafuna ganda la nje, halafu kokwa analiachia juu ya bati langu. Ko! Mimi nimeshakaa kitandani na panga. "Lala," anasema Mama Watoto bila kufumbua macho, "ni popo." Nalala. Ko! Mchana watoto wa mtaa wanakuja kuokota yale makokwa, wanayapasua kwa jiwe wale mbegu ya ndani. Jiwe wanalotumia wamelitoa kwenye msingi wa uzio wangu.

Kwa hiyo Mama Watoto aliposema mti ukatwe, sikushangaa. Nilichoshangaa ni sababu. Alikuwa ameona kwenye simu ya shoga yake baraza limepangwa vyungu, na kwenye vyungu maua. Madogo, zambarau iliyokolea, katikati kinjano. Majani yana manyoya manyoya ukiyashika. "Baba Watoto, mwenye akili anapanda kitu cha kupendezesha nyumba. Wewe umepanda kitu cha kupendezesha bodaboda."

Ikaanza kesi pale nyumbani. Mti au ua. Mimi nautetea mti, yeye analitetea ua, na watoto wanaitetea televisheni, tupunguze sauti. Nikamwambia mti una faida. Akauliza ipi. Nikasema kungu. Akauliza wewe umewahi kuila? Nikasema popo wanaila. Kesi ikaisha, nikatumwa kwenda kununua ua.

Wale vijana wanaouza miche kando ya barabara mnawajua. Ukishuka kwenye daladala umeshaitwa bosi. Nikamweleza: zambarau, dogo, katikati njano, majani ya manyoya. "Vayoleti ya Afrika hiyo, bosi! Mzigo wa Ulaya. Inatoka Uholanzi." Vayoleti ya Afrika inatoka Uholanzi, sikuona tatizo lolote. Hata mchele tunaambiwa wa Mbeya, nani ameuona ukishuka kwenye lori? Bei 15,000. Nikapigania mpaka jasho likanitoka, akanipunguzia 500, ambayo nikaiacha kwa kijana wa kunibebea chungu mpaka kituoni.

Masharti sasa. Lisipigwe na jua la moja kwa moja, majani yanaungua. Usilimwagie maji juu, majani yanatoka mabaka. Maji weka kwenye kisahani chini, linywe lenyewe taratibu. Yakituama, linaoza shingo. Udongo uwe mwepesi. "Na liweke kwenye kivuli, bosi. Kivuli unacho?" Nikamwambia ninacho, ila kina wapangaji.

Nikafika nyumbani nimelipakata. Kwenye daladala watu walinipisha kiti, nadhani walijua natoka msibani au naenda. Mama Watoto akafurahi, akalipiga picha, akalirusha kwa shoga yake. Nikaagizwa nitafute mwenye msumeno, Jumapili mkungu uanguke.

Jumamosi akaingia mama mkwe.

Mama mkwe wangu kwao ni Amani, kule juu ya Muheza, kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Nikampokea mizigo, nikamkaribisha, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akaona kile chungu mezani. Akasogea. Akakishika kijani kimoja kwa vidole viwili, polepole. "Hili mmelitoa wapi?"

"Uholanzi, mama," nikasema kwa kifua. "Nimelinunua kwa 15,000." Ile 500 sikuitaja, heshima ya nyumba.

Jamani, yule mama alicheka. Alishika fremu ya mlango. Akatafuta pa kukaa. Akamwita binti yake aje walie pamoja. "Mwanangu, hili kwetu linaota kwenye mawe! Ukishuka mtoni linakukaribisha. Watoto wanalipita kila siku na ndoo, hakuna anayegeuka. Ungeniambia, ningekuletea gunia!"

Nikatoka nje na simu nitafute cha kujitetea, maana kijana wa miche hakuonekana muongo. Nimesoma mpaka bando likakata. Kumbe mwaka 1892 kulikuwa na ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, naye akalipenda lile ua, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, akalipa jina la ukoo huohuo wa baron: Saintpaulia. Tangu hapo limezaa Ulaya na Marekani, limepewa rangi nyingi, jeupe, la waridi, lenye marinda, na bibi vizee wa huko wanaliweka dirishani na kulisalimia. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia kwenye jamii ya Streptocarpus. Mbegu imetoka Tanga kwenye bahasha. Mimi nimelirudisha kwa bei ya kuagizia nje, na nauli nimelipa.

Nikasema basi angalau mkungu ni wetu. Nikaazima bando la mwanangu. Mkungu nao asili yake pwani za Asia huko, makokwa yake yanaelea baharini mpaka ng'ambo. Nikazima simu. Kwenye uwanja wangu mzawa ni yule niliyemlipia 15,000, na mgeni ndiye mwenye mizizi chini ya karo.

Nikarudi ndani. Mama mkwe alikuwa dirishani anautazama mkungu. "Huu nasikia mnataka kuukata?" Mama Watoto akajibu haraka kwamba uwanja upate hewa. "Hewa ya nini? Mkikata, hili nalo litupeni leoleo. Kwetu wakifyeka miti mikubwa, jua likishuka mpaka chini, haya unayakuta yamekauka juu ya jiwe. Haya ni ya chini ya mti. Na huku kwenu joto lilivyo!"

Basi. Miezi yote nimeutetea mti kwa hoja na mifano, nikiambiwa sina akili. Mama mkwe kasema mara moja, mwenye msumeno akapigiwa simu asije. Simu nimepiga mimi, na hela ya kumtuliza nikamtumia, maana alishakodi mtu wa kamba.

Halafu mama mkwe akafanya jambo ambalo kijana wa miche hakunigusia hata kidogo. Akachuma jani moja na kikonyo chake. Nikaruka: mama, hilo jani ni hela! Hakunisikia. Akachukua kopo la maziwa, akalitoboa chini kwa msumari, akaweka udongo mwepesi wenye majani yaliyooza, hayohayo ya mkungu ninayoyafagia na kuyatupa, akachomeka kikonyo, akamwagia maji kidogo pembeni. Akachuma jingine. Wiki zikapita, chini ya kila jani vikachungulia vijani vidogo vidogo, na manyoya yake tayari.

Sasa hivi makopo siyahesabu. Mama Watoto anauza. Kopo moja 5,000, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia jirani kwamba mbegu ni ya Uholanzi. Nilipouliza kuhusu mtaji wangu, nikaambiwa chungu nilichonunua kina ufa.

Tatizo likabaki la mahali. Alasiri kivuli kipo nje na bodaboda, hilo mnalijua. Ndani inabaki pembe moja tu, kati ya ukuta wa jiko na mtungi wa maji, chini ya lile tawi la chini kabisa, ambapo jua haligusi kutwa na ardhi ina ubaridi. Hapo ndipo kilipokuwa kiti changu cha plastiki. Nimetoka kazini juzi nikakuta kiti kiko katikati ya uwanja, juani, kina moto hakikaliki. Pale pembeni yamepangwa makopo, safu kwa safu, na mama mkwe kachuchumaa anayawekea maji ya kijiko.

"Shikamoo mama. Sasa mimi nikae wapi?"

Akanitazama. Akayatazama makopo. Akanitazama tena, kichwani mpaka miguuni.

"Wewe una majani ya kuungua?"