Saa Nne na Dakika Arobaini

Jumatatu

Saa 1:15 asubuhi askari kaanguka kwenye gwaride. Nilitoka zahanati mbio, bereti nikaiacha juu ya friji ya chanjo. Njiani nikakutana na meja, nikampigia saluti kichwa wazi. Akanisimamisha. "Daktari, bila kofia hakuna saluti. Unakaza mikono, unapita." Nikakaza mikono, nikapita. Kijana alikuwa amesimama muda mrefu magoti yamekazwa, damu ikajaa miguuni, na tangu aamke hakunywa hata chai. Tulimlaza kivulini tukamwinua miguu. Alipozinduka, neno la kwanza aliuliza bunduki yake iko wapi. Ilikuwa kwa sajenti. Bereti sasa inakaa kwenye msumari mlangoni.

Jumanne

Hili linaniuma. Asubuhi wagonjwa walikuwa 19. Ofisa mmoja mkubwa alikuja kuchukua dawa za presha, nikampitisha mbele kwa sababu ya nyota za mabegani. Mwisho wa benchi alikuwapo askari wa cheo cha chini kabisa, ameegemea ukuta. Nilipomfikia hakuweza kukaa bila kushikwa. Kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Malaria, tena kali. Kilo 65, atesuneti miligramu 156, vichupa 3. Sindano ya kwanza saa 3:30 asubuhi, ya pili saa 3:30 usiku, ya tatu kesho asubuhi.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema wazi kwamba ni dharura ya kitabibu peke yake inayoruhusu majeruhi mmoja kutibiwa kabla ya mwenzake. Sheria hiyo inamlinda hata adui aliyeanguka mikononi mwetu. Mimi nilikuwa na kijana wetu mwenyewe, kwenye benchi letu wenyewe, hakuna vita, hakuna risasi, na bado nikaangalia nyota. Jioni nilimwendea yule ofisa nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia nikae, Daktari, ningekaa."

Jumatano

Fomu yangu ya kuomba kusomea ubingwa wa upasuaji imerudi. Sahihi ipo, muhuri haupo, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri yuko likizo. Miaka 5 ya chuo, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha kwata kwenye chuo cha jeshi Monduli, kwenye baridi ile. Sasa miaka 3 ya ubingwa inasubiri kabati. Nitairudisha akirudi.

Askari wa malaria amekunywa uji, nusu kikombe.

Alhamisi

Zoezi la porini. Kitambaa cha msalaba mwekundu nilikivaa mkono wa kulia, na mahali pake ni mkono wa kushoto. Koplo wangu, mganga wa siku nyingi, alikivua akanihamishia bila kusema neno.

Majeruhi wa kwanza wa zoezi alikuwa kijana aliyepakwa rangi nyekundu pajani. Nilimfunga mkanda wa kuzuia damu juu ya jeraha, nikazungusha kijiti mpaka kilio chake kikawa cha kweli. Ukishafunga, unaandika saa mahali ambapo kila mtu ataiona. Mkanda ukipita saa 2, misuli huanza kuharibika. Ukipita saa 6, haufunguliwi ovyo, kwa maana sumu iliyojikusanya mguuni ikirudi mwilini kwa ghafla yaweza kusimamisha moyo. Kalamu yangu haikushika kwenye jasho. Koplo akanipa yake ya wino mzito, nikaandika kwenye paji la uso: 4:40.

Na ndiyo ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Jua limeshapanda, umande umekauka. Bibi yangu hajawahi kuihesabu vingine, wala mimi.

Kwenye hema la kupokea majeruhi muuguzi aliisoma 0440, alfajiri. Saa yake ilionyesha 1105. Akahesabu saa 6 na dakika 25. Mkanda ulikuwa na dakika 25 tu. Nilipofika, kwenye karatasi alikuwa ameshaandika: mguu ukatwe.

Kijana alikuwa amelala kwenye machela, anachezesha vidole vya mguu ule ule. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka kwa sababu ya buti. Nilivitazama vidole vile kwa muda. Muuguzi hakukosea hata kidogo. Alisoma kama jeshi linavyoandika. Msimamizi wa zoezi akaja, akatazama paji la uso, akanitazama mimi. "Afande, umeandika saa ya nyumbani."

Ijumaa

Mvua. Nimepitia kadi zote za wagonjwa wa wiki hii na kusahihisha saa kwa wino mwekundu. Zilikuwa 31. Sindano za kijana wa malaria ziko humo pia: 0930 na 2130. Kama zamu ya usiku ingesoma 3:30 kuwa usiku wa manane, sindano ya pili ingechelewa saa 6.

Jumamosi

Kijana wa malaria ameruhusiwa, na vidonge vya dawa mseto vya siku 3 mfukoni. Nimemwandikia ED, ruhusa ya kutofanya kazi, ya siku 5. Aliomba 3. Nimekataa.

Jumapili

Mtoto wa kaka amepiga simu. Yuko mwaka wa nne wa udaktari. "Shikamoo shangazi." Marahaba. Anauliza aombe jeshi au abaki hospitali za uraiani. Nimemsimulia kuhusu benchi la Jumanne na vidole vya Alhamisi, sikumficha kitu. Akanyamaza, halafu akauliza kama bado naipenda kazi. Naipenda. Nimemwambia aje, maana askari akiugua au akijeruhiwa ni haki yake kupata daktari aliyesoma kama yule wa mjini. Ila saa aanze kuiandika kwa tarakimu nne tangu leo, wodini kwake huko huko, asisubiri Monduli.

Simu tumekata 2115.