Parafujo ya Mkono wa Kushoto

Kama kuna jambo liwezalo kuwafarakanisha watu wazima, wenye akili timamu na waliokula sahani moja tangu ujana wao, basi ni kuwakusanya karakanani wakati wa jua la adhuhuri, ukawaonyesha parafujo iliyolika, kisha ukawauliza, kwa adabu zote, ni kisu gani kifaacho kuichongea mwenziwe.

Parafujo yenyewe ilikuwa ile isukumayo kisu cha kerezo letu mbele na nyuma, yenye unene wa milimita 20 na hesi za umbo la trapeza, kila hesi ikiachana na jirani yake kwa milimita 4. Nayo kwa ukongwe ilikuwa imelika hata mtu akizungusha mkono wa parafujo robo ya duara, kisu kilibaki palepale kikimtazama, ndipo ghafula kikaruka na kula chuma zaidi ya halali yake. Na kwa kuwa hapakuwa na kerezo jingine mtaani, mgonjwa huyu ndiye aliyeamriwa kumzaa mrithi wake.

Mwenye duka la vyuma, mtu wa ulimi mtamu na bei chungu, alitusifia kijembe cha kabaidi chenye rangi ya dhahabu, akaapa kwamba hukata chuma cha pua bila ya kunolewa. Sina shaka kwamba hukata, lakini kabaidi hupenda mashine imara isiyotikisika, na kerezo letu likinguruma, vikombe vya chai huhama mezani bila ya kuguswa na mtu. Fundi mkuu akakirudisha kwa heshima, akachukua kipande cha haispidi, ambacho hustahimili mwendo wa pole na hukubali kunolewa kwa umbo lolote atakalo mwenyewe.

Hapo ndipo fitina ilipozaliwa. Jirani yetu, mzee mstaafu ambaye huja kila siku kutusaidia kwa maneno, alishikilia kwamba ncha ya kisu sharti iwe na pembe ya digrii 29, kwa kuwa ndiyo desturi ya hesi za Acme za Wamarekani. Na fundi akashikilia kwamba hesi za milimita ni digrii 30, na Wamarekani wamo makwao.

"Digrii moja tu, Bwana!" akasema jirani.

"Kama ni moja tu, basi niachie mimi," akajibu fundi.

Mjadala ukaendelea, kipimo kikainuliwa juani na kushushwa, mwanagenzi akapika mkandaa mara ya pili, na mwisho digrii 30 zikashinda, kwa haki kabisa, ijapokuwa nadhani zilishinda zaidi kwa sababu mwenye jiwe la kunolea alikuwa fundi. Ncha ikapunguzwa kwa makini hadi upana wa milimita 1.33, na kila aliyekuwapo akainama akaitazama kutoka juu, akasema mashallah.

Kisu kilipogusa chuma kikapiga ukelele ulioamsha watoto wa nyumba ya pili. Mafuta yakaongezwa, ukelele ukaongezeka. Mwendo ukapunguzwa, na kile kilichotoka hakikuwa nyuzi za chuma ila vumbi na moshi. Jirani akatangaza kwamba digrii 29 zisingalipiga kelele.

"Samahani, Ami," akasema mwanagenzi, ambaye peke yake ndiye aliyejishughulisha kuchungulia kutoka chini, "mbona ubavu wa kisu unasugua?"

Naam, ulikuwa ukisugua. Hesi ya milimita 4 juu ya chuma chembamba vile hupanda kwa mwinamo wa digrii 4 hivi, na karibu 5 kule shinani, kwa hiyo ubavu unaotangulia sharti ukwanguliwe chini ya makali zaidi ya mwinamo huo, usije ukajikwaa katika njia uliyoichonga wenyewe. Na parafujo hii ni ya mkono wa kushoto, la sivyo ukizungusha kuumeni kisu kingerudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kisu chake basi husafiri kutoka kushoto kwenda kulia, na ubavu utanguliao ni wa kulia. Fundi alikuwa amekwangua wa kushoto, kama alivyozoea katika parafujo zote za umri wake.

"Nilikuwa nangoja nione nani ataona," akasema fundi, wala hakuna aliyethubutu kumkadhibisha.

Kisu kikanolewa upya, kisu chembamba kikatangulia kufungua njia, kile cha trapeza kikafuata kumalizia mbavu, na kina kikafika milimita 2.25 pasipo kelele. Parafujo ikapachikwa mahali pake, mkono ukazungushwa, na kisu, kwa ile robo ya duara, kikakaa palepale kikitutazama. Kwani nati ya shaba nayo ilikuwa imelika kama mwenziwe, na ndani yake hesi hukatwa katika tundu la milimita 16, la mkono wa kushoto vilevile, kwa kisu kilichopindwa ambacho hakuna awezaye kukiona kikifanya kazi. Jirani akavuta kiti, akauliza pembe yake itakuwa digrii ngapi.